Ankara za Kufungia Karanga

Kabla ya kufuta chochote, programu iliuliza mara mbili. Kwanza iliuliza kama nakala imeshawekwa pembeni. Kisha ikauliza kama mtumiaji ana uhakika, kwa kuwa kitakachoondolewa hakitarudi. Kijana akabofya ndiyo, akabofya ndiyo tena, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi, miamala yote ya duka mpaka tarehe 31 Desemba 2018 ilikuwa imeondoka, na kila akaunti imebakiwa na kiasi kimoja tu kilichoandikwa "salio anzia".

Duka lenyewe ni la vipuri vya malori, Gerezani, Dar es Salaam. Nimelitunga, kwa hiyo msomaji asihangaike kulitafuta. Ila hakuna lililolipata duka hili ambalo halijawahi kuwapata wengine, na mhasibu yeyote aliyezeeka kwenye kazi za Kariakoo atadhani namsema bosi wake.

Ilikuwa Januari 2024. Mzee mwenye duka alikuwa amechoka na kompyuta. Mteja akipiga simu kuulizia deni lake, dada wa mauzo anafungua leja, kile kiduara kinazunguka, mteja anauliza "upo?", dada anasema "subiri kidogo kaka," kiduara kinaendelea kuzunguka, simu inakatika. Kwa biashara ya ushindani kama ile, mteja aliyekata simu anapigia duka la jirani. Mhasibu aliyeshika vitabu vya duka tangu mwanzo alikuwa likizo ya uzazi, katikati ya siku zake 84. Mzee aliona si adabu kumpigia mzazi simu kwa habari za mashine. Akampigia mtoto wa dada yake, kijana aliyesomea kompyuta na mwenye kibanda cha kutengeneza simu.

Kijana hakuwa mjinga, wala hakufanya kazi ya kubahatisha. Wengi tukisikia visa vya namna hii tunamtafuta mzembe, tukishampata tunajiona salama. Huyu alikaa chini akasoma sheria. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa muda usiopungua miaka mitano kuanzia mwisho wa kipindi cha kodi kinachohusika. Kenya nao, katika Sheria yao ya Taratibu za Kodi ya mwaka huohuo, wameweka mitano. Mwaka wa hesabu wa duka unaishia Desemba. Mwaka 2018 ulifungwa tarehe 31 Desemba 2018, ongeza mitano, unafika tarehe 31 Desemba 2023. Na hii ni Januari 2024.

"Mjomba, za mpaka elfu mbili kumi na nane tunaruhusiwa kuziondoa. Zinatujazia tu mashine."

"TRA hawatatusumbua?"

"Muda wao umepita."

"Haya, ondoa, mjomba."

Na kwa kuwa ruhusa ilishapatikana, hawakuishia kwenye kompyuta. Stoo ya nyuma ilikuwa na majalada ya miaka yote tangu 2009: ankara, vocha za malipo, hati za kupokelea mzigo, orodha za mishahara. Alikuja mnunuzi wa karatasi chakavu, akayapima kwa kilo, akalipa taslimu, akayapakia kwenye guta. Mzee alifurahi. Stoo ilipata nafasi ya matairi.

Tatizo la kwanza lilikuwa dogo na la aibu zaidi kuliko la hasara. Dereva wa mteja mmoja alinunua karanga stendi. Alipomaliza kula akasoma karatasi. Ilikuwa ankara ya duka, ina jina la kampuni yake, namba ya mlipakodi, aina ya vipuri na bei aliyouziwa bosi wake, ambayo haikuwa bei waliyokuwa wakiuziwa wengine. Akaikunja akaipeleka kazini. Simu iliyofuata haikuwa ya kuulizia deni.

Kuna watu husema hilo ni jambo la zamani, karatasi za ofisi zimefungia maandazi tangu enzi na enzi. Ni kweli. Lakini tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022, na katika yale majalada kulikuwa na orodha za mishahara: majina ya wafanyakazi, akaunti zao za benki, makato ya mikopo yao. Kuuza kwa kilo mshahara wa mtu ni namna mojawapo ya kuutangaza.

Mhasibu alirudi kazini katikati ya Machi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, anakua. Naona mmehamisha matairi."

"Tumesafisha. Hata kompyuta tumeisafisha."

Alikwenda kukaa kwenye kiti chake, akafungua leja ya mteja wa kwanza iliyomjia kichwani, akatazama mstari wa juu. Halafu akafungua ya pili. Dada wa mauzo anasema hakuguta wala hakulalamika; aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, nakala iko wapi.

Nakala zilikuwapo mbili, kwa maneno. Ya kwanza ilikuwa kwenye flashi, ndani ya droo. Walipoichomeka ilionekana alama ya programu na jina la duka, vizuri kabisa, lakini ukubwa wake ulikuwa kilobaiti mbili. Kijana alikuwa amenakili ile alama ya njia ya mkato iliyoko kwenye uso wa kompyuta, siyo faili la data. Ukiibofya kwenye kompyuta ileile ya duka inafungua hesabu, maana inaelekeza kwenye data iliyomo humo. Kwa hiyo siku ile alipoijaribu aliona hesabu zikifunguka akaridhika. Kosa hili ni la kila siku. Wapo watu wenye flashi za namna hiyo kwenye kasiki, zimefungwa kwa ufunguo.

Nakala ya pili ilikuwa ile inayojitengeneza yenyewe kila jioni saa kumi na mbili. Ilikuwa nzuri, kamili, na ilifanya kazi yake bila kukosa. Lakini kila jioni ilijiandika juu ya ile ya jana kwa jina lilelile. Jioni ya siku ile ya kufuta, kwa utii wake wote, iliandika data iliyofutwa juu ya data iliyokuwa nzima. Kuanzia hapo duka lilikuwa na nakala salama ya kitu kilichoharibika.

Wakaguzi wa nje wa hesabu waliombwa msaada. Walikuwa na urari na leja kuu za kila mwaka, kwa kuwa ndizo walizozihitaji. Leja za mteja mmojammoja hawakuwa nazo.

Sasa nifike kwa mteja wa Mbeya, maana yeye ndiye aliyeonyesha kasoro ilikuwa wapi hasa.

Mwisho wa Machi duka liliwatumia wadaiwa taarifa za madeni. Yake ilikuwa na mstari mmoja: salio anzia, shilingi 18,450,000. Alipiga simu siku hiyohiyo, kwa upole wote.

"Mama, mimi deni silikatai. Kiasi ndicho ninachokiuliza. Nitumie mchanganuo, mzigo gani, tarehe gani, nimelipa ngapi, imebaki ngapi."

Ombi hilo ni halali kabisa, na ndilo ambalo duka halikuweza kulitimiza. Mzigo ulichukuliwa Septemba 2017, kwa ankara tatu, na yeye akawa analipa kidogokidogo. Programu nyingi za hesabu zimewekewa busara ya kutogusa ankara ambayo haijalipwa yote. Hii ya duka nayo ilikuwa nayo. Lakini dada wa mauzo na waliomtangulia walikuwa na mazoea ya kuingiza malipo "kwenye akaunti" ya mteja bila kuyaoanisha na ankara yoyote. Kilichokuwamo kwenye kompyuta, basi, hakikuwa ankara tatu zilizolipwa nusu. Kilikuwa rundo la ankara upande mmoja na rundo la malipo upande wa pili. Mbele ya swali la kuondoa yote ya kabla ya 2019, kijana aliona onyo kwamba zipo ankara zisizofungwa, akaona pia kisanduku cha kuchagua kwamba zijumlishwe ziwe salio, akaweka tiki. Programu ilifanya alichoambiwa.

Walikwenda kwa wakili, na hapo ndipo ile miaka mitano ilipokutana na mingine. Madai ya mkataba Tanzania, kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, yana miaka sita ya kufunguliwa shauri. Kenya pia ni sita. Mzigo wa Septemba 2017 ulikuwa umeshapitwa tangu Septemba 2023. Wakili akauliza kama mdaiwa aliwahi kulipa sehemu ya deni baadaye, kwa sababu malipo ya sehemu huifanya ile sita ianze kuhesabiwa upya kuanzia siku yalipofanyika. Mhasibu alikumbuka: ndiyo, alilipa Novemba 2018, milioni mbili. Baada ya hapo hakulipa tena.

"Basi mnao muda mpaka Novemba mwaka huu," wakili akasema. "Nileteeni ushahidi wa hayo malipo."

Mstari mmoja wa Novemba 2018, ambao kwa mizani ya kodi ulikuwa takataka tangu mkesha wa mwaka mpya, ndio uliokuwa unalishikilia deni la milioni kumi na nane lisife. Na ulifutwa miezi kumi kabla ya kumaliza kazi yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kijana "alifuta mapema". Kwa tarehe hakufuta mapema hata siku moja. Alikosea kudhani kwamba rekodi ina umri kama maziwa ya pakiti, tarehe ikifika inakwisha. Sheria ya kodi inataja muda wa chini ambao serikali inaweza kukudai karatasi. Haijasema lolote kuhusu muda ambao wewe mwenyewe utaihitaji kumdai mtu mwingine. Hata kwa upande wa kodi penyewe muda unaweza kurefuka: Kenya imeandika wazi kwamba nyaraka inayohitajika katika shauri lililoanza ndani ya miaka mitano itunzwe mpaka shauri liishe. Ukubwa wa jambo hauko kwenye mwaka ulioandikwa juu ya ankara. Uko kwenye kamba zinazotoka kwenye ankara ile kuja leo: deni lisilolipwa, hundi isiyopita benki, bidhaa isiyouzwa, mali isiyouzwa, hasara ya mwaka wa nyuma inayobebwa kupunguza faida ya mwaka huu.

Kamba ya bidhaa ilikuwa inavuta kimyakimya. Duka la vipuri lina vitu vinavyokaa rafuni miaka mingi, ringi za pistoni na gasketi za injini ambazo malori yake yamebaki machache barabarani. Idadi zilibaki sawasawa kwenye kompyuta baada ya usafi, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Bei za manunuzi ndizo zilizopotea pamoja na ankara za wauzaji. Vitu vya zamani vikawa vimeingia kwenye salio kwa bei ya sifuri. Februari ziliuzwa seti kadhaa za gasketi hizo, na kompyuta ikaonyesha faida ya asilimia mia moja, shilingi kwa shilingi. Mzee aliitazama ripoti ya Februari akasema biashara imechangamka. Kama mhasibu asingerudi, kodi ya mapato ingelipwa kwa faida ambayo haikuwapo.

Kisha kiwanja cha Kigamboni. Kilinunuliwa mwaka 2012 kikaingizwa kwenye vitabu. 2015 kikajazwa kifusi na kujengewa ukuta. Mwaka 2024 mzee akapata mnunuzi. Mkaazi wa Tanzania anayeuza ardhi hulipa asilimia 10 ya faida, na faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama, pamoja na gharama za kuboresha. Hati ya ununuzi ilikuwapo, nyumbani, chini ya godoro la mke wa mzee, Mungu ambariki. Vocha za kifusi, saruji, nondo na mafundi zilikuwa zimekwenda na guta. Kwenye mizania kiwanja kilikuwa na kiasi kimoja kilichojumlisha vyote, lakini ofisa wa kodi akiuliza kiasi hicho kimetokana na nini, kukitaja tena kwa sauti kubwa hakusaidii. Ukuta upo, unaonekana, unaweza hata kuugusa. Gharama yake ndiyo isiyoonekana.

Wenye duka Gerezani wote wanajua kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huo umeandikwa kwenye ukuta wa duka hili pia, juu ya kalenda. Ila tunausoma kana kwamba unamhusu asiyeandika. Aliyeandika miaka kumi na mitano kisha akafuta kwa dakika kumi, huyo tunamwita msafi.

Miezi iliyofuata mhasibu aliitumia kuomba kwa watu wengine rekodi ambazo duka lilikuwa nazo lenyewe. Benki ilitoa taarifa ya akaunti ya 2018 baada ya barua, ada na kusubiri. Katika ukurasa wa Novemba ulikuwamo mstari wa milioni mbili zilizowekwa tawi la Mbeya, pamoja na jina la aliyeweka. Wauzaji wa nje walituma upya ankara zao, wengine haraka, mmoja akitaka kwanza alipwe bakaa ya dola chache alizozisahau kila mtu isipokuwa kompyuta yake. Lilipatikana pia boksi la risiti za mashine za kodi, EFD, lililosahaulika chini ya kaunta. Shangwe ilidumu mpaka lilipofunguliwa. Karatasi za mashine zile huandikwa kwa joto na wino hamna, na joto la Dar es Salaam lilikuwa limeshazirudisha kwenye weupe wake. Mhasibu aliinamisha moja kwenye mwanga wa dirisha, akaona kivuli cha namba mbili za mwisho, akairudisha kwenye boksi. Risiti ya EFD itolewe kivuli siku inapopokelewa. Hilo sikuliona likiandikwa mahali pengi, na linastahili.

Mteja wa Mbeya alipoonyeshwa mstari wa benki hakubisha. Walielewana milioni kumi na mbili kwa awamu. Iliyobaki ilifutwa kwenye vitabu kama deni lisilolipika, kwa sababu hakuna upande ulioweza kuonyesha imetoka wapi. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashaka na kiasi, na mwenye daftari hakuwa na daftari.

Jambo moja linachekesha, ingawa mzee halimchekeshi. Kompyuta haikuongeza kasi. Wiki ileile ya kufuta kiduara kiliendelea kuzunguka kama kawaida, kijana akasema itazoea. Mei alikuja fundi wa mtandao kwa shughuli nyingine. Akagundua kompyuta ya mauzo inasoma faili la data lililoko chumba cha nyuma kupitia Wi-Fi, ukuta wa matofali na rafu tatu za vyuma vya malori vikiwa katikati. Alivuta waya. Leja ikafunguka kabla dada wa mauzo hajamaliza kusema subiri. Rekodi za miaka kumi zilihukumiwa kwa kosa la waya.

Ningependa kila mwenye biashara aanzie hapo. Programu ikiwa nzito, uulizwe kwanza mtandao, diski, kinga ya virusi inayokagua faili la hesabu kila linapofunguliwa, picha kubwa zilizobandikwa kwenye vocha. Miamala yenyewe ni maandishi na namba, haina uzito wanaoudhania watu. Faili kuwa kubwa mno hutokea, sikatai, na programu za mezani zina kikomo chake. Lakini hata hapo "kupunguza data" si kitu kimoja kila mahali. Kwenye Tally, ambayo imejaa maduka ya Afrika Mashariki, desturi ni kugawa: kampuni moja inazaa mbili kwa tarehe unayochagua, salio la kufungia la kwanza linakuwa salio anzia la pili, na za zamani unazo za kufungua na kusoma. QuickBooks ile ya kusakinishwa kwenye kompyuta hubadilisha miamala ya zamani iliyofungwa kuwa maingizo ya muhtasari. Nyingine huondoa moja kwa moja. Maneno kwenye kitufe yanafanana, na asiyesoma maelezo ya toleo lake hajui amebonyeza kipi.

Mhasibu alitunga utaratibu wake mwaka uleule. Nitaueleza kwa urefu, kwa kuwa ni wa kazi.

Alitenganisha kwanza mambo mawili ambayo kijana aliyafanya kwa mkupuo: kuweka kando na kufuta. Kuweka kando hufanyika kila Januari, baada ya usuluhisho wa benki wa Desemba kukamilika na kamwe si karibu na tarehe 20 ambapo ritani ya VAT inangojewa. Nakala nzima hutolewa, jina lake likiwa na mwaka ndani yake ili isije ikaandikwa juu na nyingine. Moja inabaki dukani, moja inakwenda nyumbani kwa mzee, moja inapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Pamoja nazo linawekwa faili la kusakinishia programu ya toleo lile, kwa sababu data ya toleo la zamani ikifunguliwa na toleo jipya hubadilishwa umbo na wakati mwingine hukataa kabisa. Neno la siri linaandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi. Na kwa kuwa programu nazo hufa na kampuni zake hununuliwa, leja zote zinatolewa pia kama PDF na kama jedwali, ambazo zitasomeka hata programu yenyewe ikisahaulika.

Nakala haihesabiwi kuwa nakala mpaka ifunguliwe. Inafunguliwa kwenye kompyuta nyingine isiyounganishwa na mtandao wa duka, na anayefungua si yule aliyeitengeneza. Anapewa maswali: nitolee ankara namba fulani, nionyeshe leja ya mteja fulani mwezi fulani, niambie gasketi hii tulinunua kwa bei gani. Akijibu yote, anatia sahihi. Flashi ya kilobaiti mbili isingevuka swali la kwanza.

Kufuta ni safari tofauti, na inangoja mpaka mwaka ule uwe umekaguliwa. Hapo haulizi tarehe kwanza. Anauliza kama ankara imelipwa na malipo yameoanishwa nayo, kama hundi imepita benki, kama bidhaa ya ankara ile imekwisha rafuni, kama mali iliyonunuliwa imeshauzwa na kodi yake imemalizwa, kama hakuna pingamizi la kodi wala shauri. Lililobaki na kamba, linakaa, liwe la 2012 au la 2002. Miaka inaulizwa mwisho, na kwa madeni amechagua saba, si mitano, ili ile sita ya mahakamani ipite na ziada ibaki. Kabla ya kubofya chochote anachapa urari wa tarehe ile. Baada ya kubofya anachapa tena. Anaziweka karatasi mbili mezani na kupitisha rula mstari kwa mstari. Akaunti moja ikitofautiana hata kwa shilingi, kazi yote inarudishwa nyuma kutoka kwenye nakala. Wanakaa wawili wakati wa kubofya, na mmoja wao lazima awe ni yeye. Akiwa na udhuru, kufuta kunangoja. Mzee aliandika kwa mkono wake chini ya utaratibu huo kwamba kumpigia mhasibu simu wakati wa likizo ya uzazi kunaruhusiwa, akaongeza: asubuhi.

Kijana aliitwa Januari 2025 kuja kushuhudia usafi wa kwanza wa namna hii. Alikaa upande, amekunja mikono. Ilichukua siku nzima, na kilichofutwa mwishoni kilikuwa profoma ambazo hazikuwahi kuwa mauzo, wateja walioandikwa mara mbili kwa herufi tofauti, na taarifa za mishahara za wafanyakazi walioondoka muda mrefu, wasiodai wala kudaiwa. Vivuli vya vitambulisho vya watu walioomba kazi miaka ya nyuma wakakosa viliingizwa kwenye mashine ya kukatakata karatasi. Mnunuzi wa chakavu alipewa vipande.

"Mjomba, faili halijapungua hata kidogo," kijana alisema, akiangalia ukubwa wake kwenye kioo.

Mzee akamgeukia mhasibu. "Sasa tumefanya yote haya ya nini?"

"Yule dereva wetu aliyeacha kazi 2011, mzee, alikuwa bado yumo humu. Mshahara wake, benki yake, mkopo aliokatwa akiuguza mama yake. Sisi hatuna tena shughuli na hayo."

Mzee akavuta karatasi ya kutia sahihi, akauliza ni tarehe ngapi.